Nguruzi Mfukoni

Ushauri wa kale kuliko wote ninaoujua juu ya kutunza chombo nje ya msimu uliandikwa na mtu ambaye bahari hakuipenda hata kidogo. Hesiod alikuwa mkulima na mshairi wa Boeotia, Ugiriki, yapata miaka 2,700 iliyopita. Mwenyewe anasema alipanda chombo cha bahari mara moja tu, kutoka Aulis kwenda kisiwa cha Euboea, kuvuka mlango wa bahari ambao penye wembamba wake hauzidi mita 40 hivi. Nahodha wa Lamu angemcheka. Lakini tazama anachomwagiza ndugu yake pepo za majira ya baridi zinapoanza: akipandishe chombo pwani, akizungushie mawe kila upande kisisumbuliwe na upepo, achomoe nguruzi, kile kizibo cha chini, ili mvua isiozeshe mbao. Zana azipeleke nyumbani, matanga ayakunje vizuri, na usukani autundike juu ya moshi wa jikoni.

Waroma nao waliyatia mambo haya kwenye kalenda. Vegetius, mwandishi wa mambo ya vita, anataja bahari kufungwa kuanzia tarehe 11 Novemba hadi 10 Machi. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kufunga kwao, ila kwao ni katikati ya mwaka, kusi inapochacha na vyombo vidogo vikalazwa pwani. Kila watu na baridi yao, kila watu na upepo wao.

Katika maagizo ya Hesiod ninataka tulishike hilo la nguruzi, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wenye boti wengi hawaliamini mpaka liwafike: chombo kilicho nchi kavu huuawa na maji. Tena maji yenyewe ni yale matamu, ya mvua na theluji, yaliyoingia kimya kimya na kukosa pa kutokea.

Mabaharia wa vyombo vya mbao walilijua hili zamani. Uozo wa mbao huletwa na kuvu, na kuvu hustawi penye unyevu wa maji matamu na hewa kidogo. Chumvi hulidumaza. Ndiyo maana waundaji wa meli wa Maine, Marekani, katika karne ya 19 walikuwa wakishindilia chumvi ya mawe katikati ya mataruma kabla meli haijashushwa. Na ndiyo maana baharia wa jahazi humwaga maji ya bahari juu ya sitaha jua linapokuwa kali. Mbao hazipasuki, mianya iliyokalafatiwa haifunguki, na chumvi inaendelea kuingia. Chombo cha mbao kikiwa majini adui yake ni mdudu anayetoboa, yule ambaye deheni ya chokaa na mafuta hupakwa kwa ajili yake. Kikipandishwa pwani mdudu hukauka na kufa, na zamu ya kuvu huanza pale pale.

Wenye boti za faiba husoma habari hizi na kutabasamu, wakidhani haziwahusu. Sitaha nyingi za faiba zina moyo wa mbao katikati, balsa au plaiwudi, uliofunikwa juu na chini. Kila skrubu iliyoshika kikingio au kishikio cha mkono imetoboa kifuniko hicho. Gundi inayoziba tundu ikizeeka, maji hupenya yakakaa kwenye moyo wa mbao miaka bila kuonekana, mpaka siku unapokanyaga na kusikia sitaha inabonyea.

Sasa twende kaskazini, kwenye baridi yenyewe. Sturgeon Bay ni mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kwenye rasi ndefu na nyembamba inayoigawa ghuba ya Green Bay na Ziwa Michigan. Huko msimu wa boti ni kuanzia Mei hadi Oktoba, basi. Oktoba ikifika, mashine kubwa yenye magurudumu manne na mikanda mipana huingia juu ya maji, hupitisha mikanda chini ya boti, huinyanyua nzima nzima na kuipeleka uwanjani. Mkuku huketishwa juu ya magogo ili ubebe uzito, kisha vishikizo vya chuma vyenye miguu mitatu huegemezwa ubavuni kuizuia isilale. Ifikapo Desemba uwanja mzima umejaa boti zilizovikwa nailoni nyeupe na za buluu, zimebanwa kwa moto wa gesi mpaka zikakaza. Wenyewe wako Chicago au Milwaukee, wanaangalia mpira kwenye televisheni.

Wengi wao hawarudi mpaka Aprili. Hapo ndipo kosa lilipo.

Maji ni kitu cha ajabu. Yakipoa husinyaa kama vitu vingine, lakini yakifika nyuzi 4 za Selsiasi hubadili mwendo na kuanza kupanuka, na yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi. Kwenye ndoo iliyo wazi hakuna tabu, barafu hupanda juu. Ndani ya bomba, au kwenye njia za kupoozea injini, hakuna pa kupanda. Chuma cha injini hupasuka, tena mara nyingi kwa ufa mwembamba ambao huwezi kuuona mpaka injini iwashwe na maji yaanze kuchuruzika ndani ya mafuta. Kwa hiyo kabla ya baridi mafundi huyatoa maji ya kupoozea na kuingiza dawa ya waridi isiyoganda, iliyotengenezwa kwa propilini glaikoli. Ipo dawa nyingine ya ethilini glaikoli, inayotumika kwenye magari. Hiyo ni sumu, ina utamu unaovutia mbwa na paka, na mahali penye mifereji ya maji ya kunywa haifai kabisa.

Kuna mtego mmoja hapa ambao ningependa kila mwenye boti aufahamu. Chini ya boti huwa kuna matundu ya kuingiza na kutoa maji, kila moja na koki yake. Mwenye boti mwangalifu, boti ikishapandishwa, hufunga koki zote kwa usalama. Koki nyingi za siku hizi zina tufe lenye tundu ndani yake; ukiifunga, maji kidogo hubaki yamenaswa ndani ya lile tufe. Usiku mmoja wa nyuzi 15 chini ya sifuri unatosha kuipasua. Kwa nje haionyeshi chochote. Inasubiri siku ya kushushwa majini. Nchi kavu koki ziachwe wazi, zimwagike, ndipo kazi yake ya kufunga ifanyike majira ya kuchipua.

Watu huogopa baridi kali, na mimi nadhani wanaogopa kitu ambacho sicho. Baridi kali isiyobadilika ni mlinzi mzuri kuliko unavyofikiri. Chini ya sifuri kuvu halikui, ukungu hauenei, na maji yaliyokwisha kuganda hayasogei. Kinachoharibu ni kubadilikabadilika. Mchana theluji inayeyuka, maji yanashuka hadi kwenye ufa. Usiku yanaganda na kuupanua. Kesho yake yanayeyuka tena na kuingia ndani zaidi. Novemba na Machi ndiyo miezi mibaya. Kwa sababu hiyo mpango wa kutembelea boti "kila tarehe mosi" sioni maana yake. Nenda baada ya upepo mkubwa. Nenda baada ya theluji nzito. Zaidi ya yote, nenda siku ya pili ya joto la ghafla, theluji inapoanza kudondoka matone.

Tuseme ni siku kama hiyo, mwezi wa Februari, na umefika uwanjani na tochi, kisu, ufagio laini na kamba. Usikimbilie ngazi. Simama mbali kwanza, uilinganishe boti yako na ya jirani. Mstari wa maji uliochorwa ubavuni umelala sawa, au omo imeinama? Ardhi iliyoganda huvimba, ikiyeyuka hulegea, na mguu wa kishikizo ukakaa kwenye tope ambalo Oktoba lilikuwa gumu kama saruji. Vibao vya plaiwudi chini ya miguu viko mahali pake? Minyororo inayofunga kishikizo cha upande huu na cha upande ule bado imekaza? Ukiona kishikizo kimoja kimeachana na ubavu, usikiguse wewe. Muite fundi wa uwanja. Boti ya tani 7 ikianza kulala hakuna mkono wa kuizuia.

Halafu tazama kamba za turubai. Ni jambo dogo, na limeangusha boti nyingi. Mtu akikosa pa kufungia kamba, huifunga kwenye mguu wa kishikizo kwa kuwa uko karibu. Upepo ukivuma turubai hupiga, kila pigo huvuta kile chuma kidogo kidogo, mpaka kinachomoka. Kamba za turubai hupita chini ya tumbo la boti, zikafungwa upande wa pili, au hutundikiwa madumu ya maji. Viwanja vizuri vina sheria kali juu ya hili, na mpita njia akiona kamba ya jirani imefungwa vibaya huifungua bila kuomba ruhusa. Hakuna anayemlaumu.

Theluji nayo ina hesabu zake. Ile mpya na kavu ni nyepesi, unaipuliza. Iliyolowa ni habari nyingine: sentimita 30 za theluji iliyolowa kwenye mita moja ya mraba zinaweza kufika kilo 100. Turubai likishabonyea, hugeuka kuwa beseni, maji yakakusanyika, yakaganda, yakaongeza uzito. Isukume theluji kutoka ndani kwenda juu kwa ufagio, taratibu. Ukipiga kwa koleo utatoboa nailoni, na tundu moja litakuletea yale yale uliyokuwa ukiyakimbia.

Panda sasa, ngazi ukiwa umeifunga kwa kamba juu. Sehemu ya nyuma wanapokaa watu ina mashimo mawili ya kutolea maji pembeni. Ingiza kidole. Hapo utakuta majani makavu ya vuli yameshikamana. Majani matano ya mti wa mepo yanatosha kuziba tundu, na tundu likiziba, mvua inajaa pale juu mpaka ipate njia ya kuingia chini, kwenye chumba. Boti iliyo nchi kavu inaweza kujaa maji ndani mpaka kwenye vitanda, na mwenyewe akiwa na risiti ya bima mfukoni.

Ukifungua mlango, pua itangulie. Ukungu una harufu yake, panya ana yake, na dizeli inayovuja huwezi kuikosea. Magodoro yasimame kwa ubavu, makabati yawe wazi, hewa ipite. Nailoni isiyo na matundu ya hewa huigeuza boti kuwa chumba cha mvuke siku ya jua. Fungua mbao za sakafu, umulike ngama, pale chini kabisa yanapokusanyika maji. Ukiona urojo wa waridi, hiyo ni dawa, shusha pumzi. Ukiona barafu nyeupe, hayo ni maji ya mvua, na lazima utafute yalikotokea kabla hujafikiria kuyatoa. Usiipige barafu nyundo. Imeshikana na mabomba na pampu. Mimina dawa ya waridi juu yake, uipe siku kadhaa. Na tafadhali usiwashe jiko la gesi au la mkaa ndani ili iyeyuke. Msomaji wa Nairobi au wa Arusha hahitaji kuelezwa habari ya familia zilizolala na jiko la mkaa chumbani. Boti iliyofunikwa nailoni ni finyu kuliko chumba chochote.

Nguruzi, kama ilivyokuwa kwa Hesiod, iwe imechomolewa tangu Oktoba. Wengine huifunga kwenye usukani, wengine kwenye ufunguo wa injini, ili boti isiweze kuwashwa bila mtu kuishika mkononi. Ninaowaamini zaidi hutembea nayo mfukoni majira yote ya baridi. Lakini tundu lenyewe huweza kuzibwa na barafu au kiota cha mdudu, kwa hiyo chomeka waya uhakikishe kunapita.

Betri haina mengi. Iliyojaa chaji haigandi mpaka nyuzi 60 hivi chini ya sifuri, baridi ambayo Wisconsin haijawahi kuiona. Iliyokwisha chaji huganda kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, ikavimba na kupasuka. Kwa hiyo ijaze, uichomoe nyaya, au uipeleke nyumbani. Mafuta nayo nitayapitia haraka: tanki la petroli yenye ethanoli lisiachwe nusu, maana hewa iliyomo huleta unyevu, ethanoli huunyonya, na mwisho wake maji na ethanoli hujitenga na kushuka chini, pale pale injini inapovutia.

Siku hizi kuna vifaa vya kupachika ndani ya boti vinavyotuma joto, unyevu na kiwango cha maji ya ngama kwenye simu. Sivikatai. Ila hakuna kifaa kinachonusa panya, wala kinachoona kwamba jirani amefunga kamba kwenye kishikizo chako.

Wenye meli kubwa hawajifanyi hodari kuliko wenye boti ndogo. Milango ya kupandishia meli ya Sault Ste. Marie, inayounganisha Ziwa Superior na maziwa ya chini yake, hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 15 Januari hadi 25 Machi, na meli zinazobeba mawe ya chuma hulazimika kutafuta pa kulala. Kadhaa huja Sturgeon Bay. Katika maziwa hayo kuna meli 13 zenye urefu wa futi 1,000 au zaidi, yaani mita 305 na kuendelea, na ni jambo la kushangaza kuziona zimesongamana kwenye gati la mji mdogo namna ile, sitaha zimejaa theluji, mafundi wa kuchomelea vyuma wakiingia na kutoka. Kwa kampuni za meli, baridi ndiyo msimu wa karakana. Mabomba ya maji hukaushwa, mitambo hufunguliwa, na huwekwa walinzi wa kuzizungukia wakikagua kamba za kushikilia, na mambo yale yale aliyoyahofia mkulima wa Boeotia: maji na upepo. Mwenye meli ya mamilioni ya dola anamlipa mtu ili aende akaangalie. Mwenye boti ya futi 28 anadhani turubai linatosha.

Hili ndilo ninalowaambia jamaa zetu walioko Minnesota na Michigan, ambao baadhi yao wamekulia Ziwa Victoria au Tanganyika na sasa wamenunua kiboti cha mtumba cha kuvulia. Tabia ya kwetu ya kukiacha chombo mikononi mwa mtu anayelala pale pwani ni nzuri, ifuateni hata huko. Kama unakaa mbali na uwanja, mlipe fundi wa hapo au kijana unayemwamini aende badala yako, na umpe orodha ya maneno machache: vishikizo, kamba, mashimo ya nyuma, ngama. Akupigie picha ya kila kimoja. Atakachokutoza kwa majira yote ni kidogo sana ukikilinganisha na injini iliyopasuka.

Na Mei ikifika, usikubali boti ishushwe wewe ukiwa kazini. Zungukia koki zote, uzifungue na kuzifunga kwa mkono wako, utazame kama zina ufa. Boti ikishagusa maji na mikanda ikiwa bado imeishika, ingia ndani, fungua sakafu, mulika kila tundu. Ukiona hata mchirizi mmoja, mwambie mwendesha mashine asilegeze mikanda mpaka ujue unatokea wapi.